SonoVue kwa mishipa ya jicho: dawa nzuri kwa swali moja

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Kama swali lako ni "kuna damu inayopita ndani ya hiki ninachokiona, au hakuna?", na jicho lenyewe halipitishi mwanga, SonoVue, dawa ya viputo inayochomwa mshipani ili damu ing'ae kwenye altrasaundi, naipa nyota nne kati ya tano. Kama unataka kupima kasi ya damu kwenye ateri ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kufuatilia glakoma, au kutafuta vimishipa vilivyoziba kwa mgonjwa wa kisukari, naipa moja, na hiyo moja ni ya heshima tu.

Mimi ni mtu wa altrasaundi. Siku zangu nyingi huishia kwenye ini, figo na mishipa ya shingo, na dawa hii niliizoea huko huko kwenye ini, ambako kila mtu anaisifia. Jichoni nilisukumwa na daktari wa macho tunayefanya naye kazi. Alikuwa amechoshwa na ripoti zangu zilizojaa "huenda" na "haijulikani kwa uhakika". Alikuja chumbani kwangu na picha mkononi akauliza, "Hivi ile dawa yenu ya viputo haiwezi kunisaidia hapa?" Nikamwambia tujaribu, daktari, ila tujaribu kwa akili.

Kwa asiyeijua: ndani ya boksi mna kichupa chenye miligramu 25 za unga mweupe, sirinji iliyokwisha kujazwa mililita 5 za salaini, na kiunganishi cha plastiki. Nafasi iliyobaki ndani ya kichupa ina gesi ya salfa heksafloraidi. Unasukuma salaini ndani, unatikisa kwa nguvu sekunde 20, na maji yanageuka meupe kama maziwa. Weupe huo ndio viputo vyenyewe, kila kimoja ni gesi iliyofungwa kwa utando mwembamba wa fosfolipidi, na kwa wastani kipenyo chake ni mikromita 2.5. Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 na ushei. Kwa hiyo kiputo kinapita popote damu inapopita, kinavuka mapafu, kinafika hadi kapilari za jicho, na hakitoki nje ya mshipa. Floresini, rangi ya kupigia picha mishipa ya jicho, huvuja kwenye mshipa mbovu, kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) ya CT huvuja kwenye tishu nyingi tu, lakini kiputo ukikiona mahali ujue pana mshipa hapo.

Watu wa macho wakisikia jina la gesi hii huwa wanashtuka kidogo, na wana sababu. Ni ile ile wanayoijaza kwenye jicho baada ya kurudisha retina iliyobanduka, ile inayomfanya mgonjwa akatazwe kupanda ndege mpaka iishe. Tofauti iko kwenye kiasi na njia. Hapa inaingia kwa mshipa wa mkono, na gesi yote iliyomo kwenye viputo vya kichupa kizima ni mikrolita 40 hivi, haifikii tone moja la maji. Figo hazihusiki kabisa. Mgonjwa anaitoa kwa pumzi, zaidi ya asilimia 80 ndani ya dakika 2 na karibu yote ndani ya dakika 15. Kwa mgonjwa ambaye kreatinini yake, kipimo cha damu cha figo, imeshamfungia mlango wa CT ya kontrasti, hilo si jambo dogo. Ila jicho ambalo mpasuaji ameshalijaza gesi usilipeleke altrasaundi, uwe na viputo au usiwe navyo, maana sauti inagonga ile gesi na kurudi ilikotoka. Mafuta ya silikoni nayo ni kero: sauti inatembea polepole mno ndani yake, na jicho linaonekana refu kuliko lilivyo.

Sasa swali ambalo daktari yeyote wa macho atakuuliza: kwa nini nihangaike na viputo wakati nina floresini, inayotumika kupigia picha mishipa ya retina ya binadamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nina OCT ya mishipa, picha inayopigwa kwa mwanga isiyohitaji hata sindano? Jibu langu ni fupi: usihangaike. Mwanga ukipita, tumia mwanga. Sauti ya megahezi 10 ina wimbi lenye urefu wa milimita 0.15 hivi, na kapilari ya retina ina mikromita chache tu. Hakuna dawa itakayobadilisha hesabu hiyo. Ukitazama ukuta wa nyuma wa jicho wakati viputo vinafika, retina na koroidi, tabaka la mishipa lililo nyuma yake, zinawaka pamoja, mstari mmoja mzito, na hutajua mwisho wa hii wala mwanzo wa ile. Utajua tu kwamba damu inafika.

Lakini yapo macho ambayo mwanga haupiti. Mtoto wa jicho aliyekomaa. Konea iliyogeuka nyeupe. Damu iliyomwagika kwenye ute wa jicho mpaka mgonjwa haoni hata mkono wake. Hapo floresini na OCT zote zinakaa pembeni, na kinachobaki ni sauti. Altrasaundi ya kawaida itakuonyesha kwamba kuna kitu, utando unaoelea au donge lililokaa ukutani. Isichokuambia ni kama kitu hicho kina damu inayotembea ndani yake.

Mama mmoja mtu mzima alikuja na jicho la namna hiyo. Ute wote umejaa damu, na chini ya damu pana donge ukutani, kubwa kiasi cha kumnyima daktari usingizi. Je, ni damu iliyoganda au ni uvimbe? Dopla ya rangi, altrasaundi inayopaka rangi damu inayotembea, ilitoa vidoa viwili vitatu vilivyotokea na kupotea, ambavyo vingeweza kuwa ni jicho tu linacheza. Nilimweleza cha kufanya, akauliza, "Mwanangu, na hili zima nalo nifumbe?" Yote mawili, mama, nikamwambia, halafu humo humo ndani ya kope utazame mbele, usifuate sauti za watu. Muuguzi akasukuma dawa, kisha mililita 5 za salaini nyuma yake. Sekunde kumi na kitu zikapita, skrini nyeusi. Kisha nyuma ya jicho ateri ya oftalmiki ikawaka, mafuta yanayolizunguka jicho yakaanza kumeta nukta nukta, na ukuta wa jicho ukafuata. Donge nalo likajaa. Lilijaa sambamba na ukuta, na ndani yake nukta zilikuwa zinatembea, huku damu iliyolizunguka imebaki nyeusi tii. Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hilo linakula," akasema, akatoka kwenda kupiga simu kabla sijamaliza kurekodi.

Damu iliyoganda haina mshipa wa kupitisha kiputo. Uvimbe unao. Tofauti hii ni ya ndiyo au hapana, na ndiyo maana jibu linaonekana hata kwa mtu ambaye hajazoea picha zetu. Ila kuwaka si jina la ugonjwa. Melanoma ya koroidi, ambayo ni saratani, inawaka, hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani, inawaka, saratani iliyosafiri kutoka titi au pafu nayo inawaka. Wapo wanaojaribu kuzitenganisha kwa kutazama kitu kinavyojaa na kinavyofifia. Mimi kwenye ripoti naandika "lina mishipa ya damu", naandika lilianza kuwaka lini ukilinganisha na ukuta wa jicho, na naishia hapo.

Matumizi ya pili yananipa furaha kidogo tu. Unaona utando ndani ya jicho lenye damu, hujui kama ni retina iliyobanduka au ni utando wa ute wenyewe. Retina ina mishipa, itawaka, na utando mtupu hautawaka. Kwa mtu aliyeumia jicho, au aliyepasuka mshipa tu, inafanya kazi. Kwa mgonjwa wa kisukari mambo yanaharibika, kwa sababu ugonjwa wenyewe huotesha mishipa mipya juu ya utando, basi utando nao unawaka. Hapo narudi kwenye maarifa ya kale: umeshikwa wapi, maana retina hata ikibanduka yote bado hushika kichwa cha neva ya jicho, na unacheza vipi mgonjwa akigeuza jicho kushoto na kulia. Kwa mgonjwa wa aina hiyo viputo ni shahidi mmoja kati ya kadhaa, wala si shahidi mkuu.

Anayefikiria kununua aisome vizuri sehemu hii, maana kitakachokukwamisha ni mashine, si kichupa. Viputo hivi vinaitikia vizuri zaidi sauti ya masafa ya chini, megahezi chache tu, ndiyo maana kwenye ini vinafanya maajabu. Jicho lina milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na unalitazama kwa megahezi 10 au zaidi. Huko juu mwitikio unapungua. Vile vifaa vidogo vya altrasaundi vya kliniki za macho, vyenye probu (kichwa kinachogusishwa mwilini) ya kalamu, kwa kawaida havina programu ya kontrasti. Utasukuma dawa na hutaona cha maana. Unahitaji mashine ya radiolojia yenye probu bapa, ile ya tezi na shingo, na programu ya kontrasti iliyofunguliwa kwa probu hiyo hiyo. Ukiongea na muuzaji usiulize kama mashine ina kontrasti. Uliza kama probu hii, unayoishika mkononi, ina kontrasti, na mwambie akuonyeshe papo hapo. Wauzaji wana tabia ya kujibu swali la kwanza hata ukiwauliza la pili.

Kwa sababu ya masafa hayo, dozi nayo inapanda. Kwenye ini mililita 2.4 zinatosha. Kwa probu ya masafa ya juu tunakwenda 4.8, kama ilivyozoeleka kwenye korodani, yaani karibu kichupa kizima kwa mgonjwa mmoja. Aliyezoea kugawa kichupa kwa sindano mbili asahau.

Halafu kuna suala la nguvu ya sauti. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, inaruhusu MI, kipimo kinachokadiria uwezo wa sauti kutikisa tishu na viputo, kifike 1.9 kwa viungo vingi vya mwili. Kwa jicho mwisho ni 0.23, na wastani wa nguvu ya sauti usizidi miliwati 50 kwa sentimita ya mraba, wakati kwingine ni 720. Kwa bahati nzuri picha ya kontrasti yenyewe inataka sauti ndogo, mara nyingi MI chini ya 0.1, kwa kuwa sauti kali inapasua viputo. Kwa hiyo jicho na viputo wanataka kitu kimoja. Kinachoharibu ni kile kitufe cha mlipuko. Kwenye ini tunakibonyeza ili sauti kali ya muda mfupi ipasue viputo vyote, tupate kutazama vipya vinavyorudi. Kwenye jicho usikiguse kabisa. Mlipuko huo unavuka kikomo cha nguvu kilichowekwa kwa jicho, na kuvitikisa viputo kwa sauti kali ndani ya vimishipa ndiko wanakofanya watafiti kwa makusudi, kwa wanyama wa maabara, ili kufungua kizuizi kati ya damu na retina dawa zipate kupenya. Hutaki kufanya utafiti huo kwa mgonjwa wako bila kujua. Kwenye mashine ninayoitumia kitufe hicho kimepakana na cha kurekodi, nimekibandikia plasta.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: ukitoka kwenye mpangilio wa jicho na kufungua mpangilio wa kontrasti, mashine inaweza kudhani sasa uko kwenye tezi. Namba ya MI iko pembeni ya skrini. Itazame kabla hujagusisha probu kwenye kope.

Kuhusu Dopla, hapa ndipo nyota zilipopukutika. Ateri ya kati ya retina na zile fupi za nyuma ya jicho zinaonekana vizuri kwa Dopla ya rangi bila dawa yoyote, mradi mashine ni nzuri na mkono hauna haraka. Ukiongeza viputo, rangi inafurika nje ya mshipa, ateri nyembamba inageuka doa nene, na kasi inayopimwa inapanda bila damu kubadilisha mwendo. Mtu wa glakoma anayetaka kulinganisha namba za leo na za mwaka jana atapotoshwa. Mshipa usipoonekana kabisa, viputo vitakusaidia kujua uko wapi. Namba usiichukue.

Matayarisho yanaonekana mepesi, na ndiyo maana watu wanayaharibu. Viputo vinaelea, kwa hiyo kichupa kikikaa kidogo vinapanda juu na chini unabaki na maji. Geuza kichupa taratibu mara kadhaa kabla ya kuvuta. Usivute sirinji kwa pupa, presha hasi inavivunja. Kanula iwe ya geji 20 au nene zaidi, kwenye mshipa mzuri wa kiwiko, kwa sababu kupitisha viputo kwenye kanula nyembamba kwa nguvu ni kuvipasua njiani. Baada ya kuchanganya, dawa inatumika ndani ya saa 6. Na anza kurekodi kabla muuguzi hajasukuma, maana sekunde za kwanza ndizo zenye habari, na jicho halitakusubiri. Jicho hata likifumbwa linahangaika. Huwa nampa mgonjwa kitu cha kuwazia, mlango wa mbele yake au kona ya dari, na hilo linatuliza kuliko kumwambia "usicheze" mara kumi.

Usalama wake ni mzuri, ila si maji ya kunywa. Mwaka 2007 FDA iliziwekea dawa za viputo onyo kali kwa ajili ya matatizo ya moyo na mapafu yaliyotokea baada ya sindano, na mwaka uliofuata ikalilegeza baada ya kupitia ushahidi upya. Kwenye uchunguzi wa tumbo, ripoti ya Italia ya mwaka 2006 iliyokusanya sindano zaidi ya 23,000 za dawa hii ilikuta matatizo makubwa mawili, na hakuna aliyekufa. Mbili si sifuri, na ikitokea huwa inatokea mapema, kwa hiyo mgonjwa wangu anakaa nusu saa chini ya macho ya muuguzi na trei ya dharura iko wazi. Muulize kuhusu mzio wa PEG, ile polithilini glaikoli iliyomo kwenye dawa za kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopi. SonoVue inayo, na mtu aliyewahi kuvimba kwa dawa za namna hiyo hapewi. Mwenye presha kali sana ya mishipa ya mapafu naye hapewi.

Na jicho halimo kwenye orodha ya matumizi yaliyoidhinishwa. Ulaya dawa ilikubaliwa mwaka 2001 na imeandikwa kwa moyo, mishipa mikubwa, ini, titi na njia ya mkojo ya watoto. Marekani, kwa jina la Lumason, ilipita kwa moyo mwaka 2014 na kwa ini mwaka 2016. Kuitumia jichoni ni uamuzi wa daktari kwa mgonjwa huyu, na mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi kabla ya kusaini. Yule mama niliyemtaja aliuliza swali moja tu, kama ataona njano. Dada yake aliwahi kupigwa floresini akakojoa njano siku nzima. Nikamwambia hii haina rangi hiyo, akacheka.

Washindani wake sitawatendea haki, kwa kuwa jichoni sijawagusa. Optison ina ganda la albumini, Definity ni ya lipidi kama hii. Sonazoid, iliyoanza Japani mwaka 2007, sifa yake kubwa ni kumezwa na seli za Kupffer, zile seli za ini zinazosafisha damu, sifa isiyo na kazi yoyote jichoni. Levovist ya galaktosi ndiyo iliyofungua njia, wataalamu wa miaka ya 1990 waliijaribu kwenye uvimbe wa ndani ya jicho, ila haipo tena sokoni na viputo vyake vilikuwa dhaifu.

Kinachonisisimua zaidi hakimo hata kwenye kichupa. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba ukifuatilia kiputo kimoja kimoja, kwa maelfu ya picha, unaweza kuchora mishipa ya ubongo wa panya hadi vipimo vidogo kuliko urefu wa wimbi la sauti lenyewe. Mbinu hiyo imeshajaribiwa kwenye macho ya sungura. Ingefika kwetu, ule ukuta wa milimita 0.15 nilioulalamikia ungebomoka, na daktari wa macho angeona koroidi nyuma ya damu nzito bila kusubiri isafike. Kizingiti ni kwamba sungura wa maabara amepigwa usingizi, na mbinu inataka jicho litulie muda wote wa kukusanya picha. Mgonjwa wangu yuko macho, na jicho lake linaruka kila anaposikia mlango. Programu ya kurekebisha mruko huo ikiwa nzuri, na ikiwekwa kwenye mashine yenye probu bapa na kikomo cha nguvu cha jicho, nitakuwa wa kwanza kuomba kujaribu.